Meneja anajua kazi vizuri, mbona ofisi haiendi?

Fungua tangazo lolote la kazi ya umeneja wa ofisi hapa Kisumu ama Nakuru, utakuta wanataka diploma ama digrii, kompyuta, uzoefu wa miaka kadhaa, halafu chini kabisa wanaongeza kwamba mwombaji awe anajua kuishi na watu. Hapo ndio maoni hugawanyika. Mmoja atakwambia hiyo imewekwa ndio wapitishe mtu wao, mwingine anasema maana yake uwe mpole usibishane na bosi, mwingine anaona ni mdomo tu, ukijua kuongea umepita. Na wale ambao tayari ni mameneja wengi wao wanasema mambo ya roho za watu ni ya kanisani, kazini watu wafanye kazi. Mimi naona wote wamekosea, na hilo kosa linakula pesa za ofisi kila mwezi bila mtu kujua zinaenda wapi, kwa hivyo wacha tulifungue polepole.

Kwanza huyu meneja wa ofisi ni nani. Si mkurugenzi. Ni yule mtu anayehakikisha ofisi inafunguliwa asubuhi na inafanya kazi mpaka jioni: petikashi (zile pesa taslimu za matumizi madogo), mafaili, wino wa printa, bili ya stima na intaneti, likizo za watu, nani anakaa risepsheni, mesenja ametoka benki saa ngapi, gari iko wapi, PAYE, ile kodi inayokatwa kwa mishahara, imefika KRA, mamlaka ya ushuru, kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Kwenye ofisi kubwa hizo kazi zimegawanywa, lakini kwa hizi zetu za watu wanane ama kumi na wawili, ghorofa ya pili juu ya duka la simu, huyo mtu mmoja ndiye HR, ndiye mnunuzi, na ndiye anayepigiwa simu na mwenye nyumba.

Na kujua kuishi na watu, kwa maana ya kazi, ni vitendo vya kawaida ambavyo unaweza kuviona kwa macho. Kumsikiliza mtu mpaka uelewe shida yake kabla ujibu. Kumwambia mtu amekosea akabaki na heshima yake. Kukataa ombi na yule mtu akajua ni kwa nini. Kuona kwamba fulani leo hayuko sawa hata kama hajasema. Kuamua ugomvi wa watu wawili wanaokaa meza moja. Kuahidi kitu na kukifanya. Sijaweka kuchangamka hapo, wala kucheka na kila mtu, na sijasahau.

Mwaka 1955 msomi mmoja wa Marekani, Robert Katz, aliandika kwenye jarida la Harvard Business Review kwamba msimamizi anahitaji ujuzi wa aina tatu: wa kazi yenyewe, wa watu, na wa kuona shirika lote kwa pamoja. Ule wa kazi yenyewe alisema unahitajika zaidi ngazi za chini, ule wa kuona shirika lote unahitajika zaidi ukiwa juu, lakini ule wa watu unahitajika kila ngazi. Sasa angalia vile sisi hupandisha watu vyeo. Tunachukua karani wa hesabu aliye mkali kuliko wote, yule ambaye vitabu vyake havijawahi kupotea hata shilingi, tunamwambia kuanzia Jumatatu wewe ni meneja. Ijumaa kazi yake ilikuwa mikononi mwake mwenyewe. Jumatatu kazi yake iko mikononi mwa watu wengine wanane na yeye hajui chochote kuhusu hao watu isipokuwa namba zao za NSSF. Halafu baada ya miezi sita tunashangaa mbona huyu mtu mzuri hivi ameshindwa.

Hapa ndio kiini cha jambo, na ndio sababu nimeandika haya yote. Meneja wa ofisi haoni kazi ikifanyika, anaambiwa. Hayuko risepsheni mteja akifoka, hayuko kwa gari ikianza kunguruma, hayuko stoo karatasi zikiisha. Kila kitu anachoamua anakiamua kwa habari alizoletewa na watu, na watu huleta habari kwa mtu ambaye kumwambia hakuna hatari. Ni kama nyumba ambayo tangi juu imejaa maji lakini bomba limeziba, unafungua mfereji jikoni hakuna kitu, unaanza kulalamikia kampuni ya maji ilhali maji yako juu ya kichwa chako. Ofisi nyingi zinazokwama habari iko ndani, mtu fulani anajua, ila haifiki kwa meza ya meneja mpaka imekuwa hasara.

Niliwahi kufanya kazi kwa kampuni moja ya usambazaji pale Nakuru, magari yalikuwa yanapeleka maziwa ya pakiti na vitu vingine vya duka mpaka Molo na Kericho. Meneja wetu alikuwa anajua kazi, hilo simnyimi. Faili la magari lilikuwa safi kuliko la kampuni yoyote nimewahi kuona, insurance, tarehe za service, kilomita, risiti za mafuta zimepangwa kwa mwezi. Sasa kuna dereva mmoja aliwahi kuripoti tairi imekatika, na meneja akamjibu mbele ya watu wote wa stoo, "Wewe ndiye huharibu hizi gari, mbona za wenzako haziharibiki?" Dereva hakujibu. Miezi kadhaa baadaye klachi ya pikapu yake ikaanza kuteleza, siku ya Jumatatu, akanyamaza. Jumatano ikafa kwenye mlima kabla ya Mau Summit na maziwa yamejaa nyuma, jua linawaka, ikabidi itafutwe breakdown ya kuivuta na gari lingine la kuhamisha mzigo, na sehemu ya yale maziwa hayakuuzwa. Faili lilikuwa linaonyesha gari iko sawa mpaka service inayofuata. Mguu wa dereva ulijua tangu Jumatatu.

Huyo meneja alipoondoka akaja mama mmoja ambaye kwa mafaili hakuwa hodari hivyo, lakini kila asubuhi kabla magari hayajatoka alikuwa anashuka stoo na kuuliza swali lile lile, "Leo ni nini kinaweza kutukwamisha?" Siku za kwanza watu walikuwa wanasema hakuna kitu madam. Halafu siku moja dereva yule yule akasema, "Madam, hii gari inakunywa maji." Akaulizwa tangu lini. "Tangu Ijumaa, nilikuwa naongeza chupa moja asubuhi, leo imemaliza mbili." Meneja angeweza kuuliza mbona hukusema Ijumaa, na lingekuwa swali la haki kabisa, lakini hakuuliza mbele za watu. Alisema, "Asante kwa kuniambia. Hii leo haitoki mjini. Mpigie fundi aangalie, aniambie bei kabla hajafungua kitu." Lile la Ijumaa walizungumza baadaye ofisini wawili peke yao. Na kuanzia hapo hakuhitaji kuuliza mara mbili, madereva walikuwa wanamtafuta wenyewe hata kabla hajafika stoo.

Hili jambo limechunguzwa kisomi pia. Miaka ya 1990 mtafiti Amy Edmondson alikuwa anachunguza timu za wahudumu wa hospitali huko Marekani, akitarajia kwamba timu zenye uongozi mzuri zitakuwa na makosa machache ya dawa. Alipopata takwimu ilikuwa kinyume, timu nzuri ndizo zilikuwa na makosa mengi kwenye rekodi. Alipofuatilia akaona maelezo yake: kwenye timu ambazo watu hawaogopi, makosa yanasemwa na kuandikwa, kwenye timu za hofu yanafichwa. Kwa hivyo meneja anayejivunia kwamba ofisini kwake hakuna malalamiko na hakuna makosa angefaa ajiulize kama kweli hakuna ama haambiwi.

Sasa turudi kwa yale maneno ya watu. Nianze na lile la upole. Kuna meneja mpole ambaye ni hasara tupu, kila anayeomba anapewa, anayechelewa haambiwi, mvivu anabebwa na wenzake, na wale wanaofanya kazi wanaona na wanaanza kupunguza mwendo nao. Huyo hajui kuishi na watu, anaogopa watu, na hayo ni mambo mawili tofauti. Kukataa ni sehemu kubwa ya huu ujuzi. Mtu akikuomba adivansi ya mshahara tarehe 12 na petikashi haina, mwambie leo haiwezekani kwa sababu hii na hii, tarehe 20 tukilipwa na mteja fulani tutaangalia, na hiyo tarehe 20 ikifika umwite wewe mwenyewe hata kama jibu bado ni hapana. Mtu anaumia zaidi na lile jibu la "tutaona", kwa sababu ataenda kupanga karo ya mtoto na hiyo tutaona.

Lile la mdomo, hata sitakaa sana hapo. Muongeaji hodari ambaye hasikilizi ni mtu wa kufaa jukwaani. Pale kiwanda cha vifaa vya simu cha Western Electric karibu na Chicago, Marekani, watafiti waliwahoji wafanyakazi kama 20,000 kati ya 1928 na 1930, wakaanza na orodha ya maswali yaliyopangwa, na wakagundua kwamba mfanyakazi alikuwa anataka kuzungumzia kitu kingine kabisa kilichomkera, ikabidi waweke orodha kando wamwache aongee. Meneja anaweza kujifunza hapo kitu kidogo cha kufanya leo: mtu akiingia ofisini kwako, weka simu chini, mwache amalize, kisha rudia alichosema kwa maneno yako, "kwa hivyo unasema ile printa ya chini inakula karatasi tangu wabadilishe wino, ndio?" Mara nyingi atasema hapana, si hivyo, na hapo ndio utajua ungeenda kutatua shida ambayo haiko.

Kuna wanaosema mtu huzaliwa na huu ujuzi. Kuna watu wamezaliwa na wepesi, ndio, kama vile kuna waliozaliwa na wepesi wa hesabu, lakini hakuna mtu aliyezaliwa akijua kurekodi petikashi na bado watu wanajifunza. Na lile la mwisho, la mameneja wanaosema mambo ya roho ni ya kanisani na watu wakikuogopa ndio kazi inaenda, naona nimelijibu na ile pikapu. Hofu inafanya watu waonekane wanafanya kazi ukipita. Ukishaingia lifti wewe huna habari.

Huku kwetu magharibi kuna mambo mawili ambayo vitabu vya umeneja vya kutoka nje havitakufundisha na ndiyo yanavunja mameneja wengi.

La kwanza ni matanga. Alhamisi saa tisa mtu anakuja, "Bosi, naomba kesho na Jumamosi, tunazika." Huku Ijumaa ndio mwili unatoka mochari na Jumamosi ni mazishi, na nyumbani ni Siaya ama Vihiga ama Bungoma, hakuna vile utaenda urudi na bado ukae kazini. Sheria ya Ajira ya 2007 imeweka likizo ya mwaka isiyopungua siku 21 za kazi, ya kujifungua miezi mitatu, ya baba wiki mbili, na ya ugonjwa, lakini ya matanga haina kifungu chake, kwa hivyo inabaki kwa sera ya ofisi na kwa akili ya meneja. Meneja asiyejua watu anaanza kuhesabu, "Si ulimzika baba mwaka jana?" Hapo umemaliza kila kitu na huyo mtu, kwa sababu huku kakake baba pia ni baba, ndiye huenda alimlipia karo, na mtu anaweza kuzika baba zaidi ya mmoja bila kudanganya hata kidogo. Lakini pia ukiruhusu kila mtu kila wiki, Ijumaa ofisi inabaki na mlinzi. Kinachofanya kazi ni utaratibu ambao watu wote wameujua kabla ya msiba: msiba wa familia ya karibu siku kadhaa ofisi inabeba, wa jamaa wa mbali unatoa kwa likizo yako ya mwaka, na unatafuta mwenzako wa kushika kazi yako kabla uje kuomba. Halafu Jumatatu akirudi umuulize mazishi yalikwendaje kabla umuulize ripoti iko wapi. Hayo maneno hayachukui hata dakika mbili, na mtu atayakumbuka miaka.

La pili ni lugha, na hapa nitasema wazi kwa sababu tunalizunguka sana. Ofisi ya Kisumu inaweza kuwa na Wajaluo watano, Mluhya mmoja, Mkisii mmoja. Meneja anasimama karibu na birika la chai anaongea Dholuo na wale watano, wanacheka, na katikati ya hayo mazungumzo wanakubaliana kwamba Jumamosi watu waje saa mbili badala ya saa tatu. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Wale wawili wanakuja saa tatu wanaulizwa mbona mmechelewa. Nakuru ni vile vile, ila lugha ya birika ni nyingine. Mimi sina shida na watu kuongea lugha yao, ni yao na ni tamu, lakini uamuzi wa kazi usemwe kwa lugha ambayo kila anayehusika anaielewa, na kama umeponyoka hapo kwa chai basi rudi mezani uuseme tena kwa Kiswahili. Ukikosa kufanya hivyo mara tatu, wale wawili wataacha kukuletea habari, na wao ndio walikuwa wanaona vitu ambavyo wale watano hawavioni.

WhatsApp nayo imeleta shida mpya. Meneja anaona kosa saa nne usiku, anapiga picha invoisi iliyoandikwa vibaya, anaitupa kwa grupu ya ofisi yenye mkurugenzi ndani na kuandika jina la mtu na alama tatu za kuuliza. Yeye anadhani amesahihisha. Alichofanya ni kuwafundisha watu wote kumi kwamba kosa likitokea lifichwe. Kosa la mtu mmoja liende kwa mtu mmoja, asubuhi, na kama linaweza kusemwa kwa mdomo basi lisemwe kwa mdomo, maandishi hayana sauti na mtu ataisoma hasira hata mahali hukuiweka. Grupu ibaki ya kutangaza, ya kukumbusha, na ya kushukuru, na ukishukuru taja kitu chenyewe, "asante kwa kumshika yule mteja wa saa saba mpaka fundi akafika", si ile "kazi nzuri timu" ambayo haimgusi mtu yeyote.

Na kwa wale ambao bado wanaona haya ni mambo ya hisia tu, sheria yenyewe imeyaweka. Kifungu cha 41 cha ile Sheria ya Ajira kinasema kabla hujamfuta mtu kwa utovu wa nidhamu, kwa kazi duni ama kwa sababu za afya, umweleze sababu kwa lugha anayoelewa, akiwa na mwenzake wa kazini ama mwakilishi wa chama aliyemchagua mwenyewe, na usikilize anachosema. Meneja aliyezoea kuamua kwanza na kusikiliza baadaye anakiruka hiki kikao, kisha kampuni inapelekwa korti ya ajira, na fidia inaweza kufika mshahara wa miezi 12. Mara nyingine huyo mfanyakazi kweli alikuwa na makosa, ila hakuna aliyemkalisha chini akamsikiliza.

Nisieleweke kwamba ujuzi wa watu unatosha peke yake. Meneja anayependwa na wote lakini PAYE inachelewa kila mwezi kampuni inapigwa faini, na mafaili yakipotea tabasamu haitayarudisha. Pia kuna wale wanaojua kusoma watu na wanatumia huo ujuzi vibaya, anajua nani ana shida ya pesa, anajua nani hawezi kukataa, na huyo ndiye anabebeshwa kazi za Jumapili. Huyo hafai hata kama ofisi inaenda, na huwa haiendi kwa muda mrefu kwa sababu wazuri wanahama.

Kwa wanaoajiri, wacheni kumuuliza mtu kwenye intavyu kama anajua kuishi na watu, hakuna atakayesema hapana. Mwambieni awaeleze mara ya mwisho mtu wa chini yake alipomletea habari mbaya, alisema nini, yeye alijibu nini, na baada ya hapo kitu gani kilifanyika. Mtu aliyeletewa habari mbaya nyingi atakuwa na kisa cha juzi, na ataeleza mpaka maneno. Mwingine atatafuta tafuta halafu awaambie kwake mambo yalikuwa yanaenda sawa tu, hapo mwulizeni swali la pili: kweli hakukuwa na shida, ama hakuambiwa? Na kabla hamjaamua, shukeni risepsheni mkamuulize yule dada jinsi huyo mtu alivyomsalimia alipokuwa anangoja, na kama alimuuliza chochote.